Mikono ya Mgawa Karata

Mhariri aliijua mikono ya msichana yule miezi miwili kabla ya kumwona uso.

Alimwambia hivyo siku ya tatu ya kukutana kwao, macho akiwa ameyaelekeza kwenye kioo cha kompyuta, maana ni mtu wa haya, na maneno mazito huyatolea pembeni. Msichana alicheka mpaka akaufunika mdomo kwa mikono hiyo hiyo iliyokuwa ikisemwa.

"Usiifiche," mhariri akasema. "Nimeizoea. Na nikuambie ukweli? Nilidhani ni ya mzee."

"Ya mzee?"

"Karatasi iliandikwa, 'Mikono: Mwalimu.' Basi. Nikamfikiria mzee mmoja mstaafu, mpole, mwenye kikohozi. Kila siku namtazama akichanganya karata, kila siku kifua kinanibana. Nikajiambia, makubwa haya. Mwenzenu nimefika pabaya."

Tangu siku hiyo mashati ya wateja yakaanza kuungua kola.

Maana kazi ya msichana hasa ilikuwa udobi. Duka lilikuwa la mama yake: mbele kaunta ya mbao na nguo zilizoning'inia ndani ya mifuko ya plastiki, nyuma chumba cha pasi kilichojaa mvuke na harufu ya wanga. Huko nyuma ndiko baba yake alikoishi, kwa kusema kweli. Alinyoosha nguo asubuhi hadi jioni bila kutia neno, na mteja akiingia hakuchungulia. Mtaa mzima ulijua kwamba mzee yule aliwahi kufungwa miaka sita. Walimletea nguo hivyo hivyo, kwa sababu hakuna mwingine aliyeweza kukunja mkono wa shati ukakaa kama ulizaliwa umekunjwa.

Kabla ya pasi, mzee alishika karata. Alikuwa mgawa karata kwenye kasino ya hoteli kubwa, enzi ambazo kasino hiyo ilikuwa imemezwa na genge, kuanzia mlinzi wa mlangoni mpaka meneja. Genge lilipoanguka, wakubwa walikwenda jela na yeye akaenda nao. "Walimsingizia," mama alimwambia binti yake tangu hajang'oa jino la kwanza. "Baba yako hakugusa cha mtu." Kwa maneno hayo msichana alipigana shuleni mara nne, na mara zote nne alishinda.

Karata zilipigwa marufuku nyumbani. Lakini baba alipotoka, binti akiwa na miaka kumi na mmoja, walikuwa kama wageni wawili waliokutana kituoni, hawajui waanzie wapi. Siku moja mama alikwenda kununua sabuni. Baba akatoa pakiti iliyochakaa kutoka chini ya meza ya pasi, akaanza kumwonyesha. Hakuwa na njia nyingine ya kuzungumza naye. Kila sabuni ilipokwisha, walizungumza.

Kwa hiyo watu wa filamu walipoleta vizibao kumi na viwili vyeusi vya kunyooshwa, msichana aliviangalia mara moja tu.

"Mmekosea," akamwambia dada wa mavazi. "Kizibao cha mgawa karata hakina mifuko. Mifuko hufungwa kwa uzi, mtu asiondoke na kitu."

"Wewe umejuaje?"

"Najua tu."

Siku mbili baadaye dairekta akaja mwenyewe, mtu mnene mwenye sauti ya kuamshia majirani. Akauliza kama anajua na kugawa. Msichana akageuka kuhakikisha mama hayupo, akachukua rundo la vikadi vya kuandikia majina ya wateja, akavichanganya juu ya kaunta. Vikaruka, vikapishana hewani, vikatua vimejipanga. Dairekta akakaa juu ya furushi la nguo chafu bila kukaribishwa.

"Mwalimu," akasema. Jina likaganda.

Kumbe mwigizaji wao mkuu alikuwa na sura nzuri na mikono ya kulimia. Karata zilimdondoka kama majani makavu. Mwalimu alikuwa na vidole virefu vya baba yake. Wakamkata kucha, wakamvisha mkono wa shati jeupe, wakapiga picha vidole tu, siku tisa, huku mama akidhani binti yake anapeleka mashuka hotelini. Hadithi yenyewe hakuisoma. Dairekta aliificha kama mama anavyoficha sukari. Aliambiwa tu kwamba ni filamu ya majambazi wa kasino, na hilo halikumshtua, kwani majambazi ni wengi na kasino ni nyingi.

Kisha dairekta akamtuma kwa mhariri, akakague kama kila karata imekaa mahali pake. Ndipo walipokutana.

*

Chumba cha mhariri kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la magodoro. Kuta zilibandikwa sponji nyeusi, pazia zito lilifunga dirisha, na mchana wa nje uliingia kwa upenyo mmoja mwembamba uliolala sakafuni kama utepe. Mwalimu alipenda kuingia humo. Kelele za barabarani zilibaki ngazini, na mtu akasikia pumzi yake mwenyewe, na ya mwenzake.

Alhamisi ile alifika saa tisa, bado ana joto la pasi mwilini. Mhariri alikuwa amemwekea kiti karibu na chake, karibu kuliko juzi. Miwani ilikuwa juu ya kipaji, na alikuwa anaitafuta mezani.

"Iko kichwani," Mwalimu akamwambia.

"Ahsante. Ukiwepo naona vizuri, sijui kwa nini."

Mbele za watu alimwita Mwalimu. Wakiwa wawili hakumwita jina lolote. Aliishusha tu sauti, na kule kushuka kwa sauti ndiko kulikuwa jina. Alibonyeza, kioo kikawaka, rangi ya kijani ya meza ya karata ikafurika chumba chote, ikapanda ukutani, ikatua kwenye mashavu yao. Mwalimu akaona kama wako chini ya maji matulivu. Bega la mhariri liligusa lake. Hakuna aliyejisogeza.

"Nikija kwenu nitapokelewaje?" mhariri akauliza, macho bado mbele.

"Kuja kufanya nini?"

"Kuleta shati."

"Shati moja?"

"Ninayo kumi. Nitayaleta moja moja, mpaka mama yako anizoee."

Mwalimu akatabasamu gizani. Alitaka kumwambia aje kesho. Alitaka kumwambia kwamba juzi, akinyoosha foronya, alijikuta anamwambia pasi habari zake. Badala yake akasema, "Mama atakuuliza unafanya kazi gani. Ukitaja kamari hata kwa bahati mbaya, utatoka na alama ya pasi mgongoni."

"Kamari ilimfanya nini?"

"Kwetu kuna jambo. Nitakuambia. Si leo."

Mhariri hakuuliza tena, na kwa hilo Mwalimu akazidi kumpenda. "Basi leo nikuonyeshe kitu," akasema. "Nimeunganisha mikono yako na uso wa yule bwana. Hujawahi kuviona pamoja. Mimi mwenyewe nimeangalia mara thelathini."

Akabonyeza.

Meza ya kijani. Taa moja juu yake. Mikono, yake, ikapita juu ya karata kama inazituliza. Halafu picha ikapanda taratibu, mkono wa shati, kizibao kisicho na mfuko, shingo, uso. Yule mgawa karata akapuliza ncha za vidole vyake, fuu, fuu, akawatazama wachezaji kwa jicho la mwenyeji, akasema:

"Karibuni, wageni wangu. Bahati haina mjomba."

Mwalimu akasimama. Kiti kikaanguka.

Maneno yale aliyasikia chumba cha pasi, mvuke ukipanda, sabuni ikinunuliwa. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa akiyasema, wala aliyepuliza vidole hivyo, mara mbili, kabla ya kugawa.

"Umeyapata wapi hayo?"

"Yamo kwenye hadithi. Mwandishi alisoma kesi moja ya zamani, ilijaa magazetini. Vipi? Umeona karata iliyokosewa?"

"Endelea," akasema. "Acha iendelee."

Ikaendelea. Mkuu wa genge akaingia, mzee mwembamba aliyeitwa Kiyoyozi, kwa kuwa hakupaza sauti hata siku moja na kila alipoingia watu waliona baridi. Akamwekea mkono begani mgawa karata. Na mikono ya Mwalimu, ile ile aliyoikodisha kwa siku tisa, ikainua kitambaa cha kufutia meza, ikachomoa chini yake pakiti nyingine ya karata, pakiti iliyopangwa, ikaificha ile halali. Alikumbuka siku walipopiga picha hiyo. Alidhani ni mchezo wa ufundi tu. Dairekta alimpigia makofi.

"Anaiba," akasema polepole.

"Anaiba. Ndiyo hadithi yenyewe. Anawaibia wageni wake kwa niaba ya genge, halafu…"

"Huyo ni baba yangu."

Chini, dukani, mtu alikuwa anapigapiga godoro. Mhariri akasimamisha picha. Uso wa mwigizaji ukabaki umefumba jicho moja nusu.

"Sikujua," akasema. "Naapa, sikujua."

"Sasa umejua. Kata."

"Nikikata hapo filamu haisimami. Kila kinachofuata kimejengwa juu ya…"

"Basi ianguke! Baba yangu alisingiziwa. Amekaa miaka sita ndani kwa ajili ya hao hao mnaowavika suti nzuri. Leo mnamwiba tena, mnatumia mikono yangu kumwibia!"

"Nisikilize kidogo. Nimeishi na mtu huyu miezi minne. Humo ndani ndiye ninayempenda kuliko wote."

"Mwizi?"

"Mtu. Anaposhika kile kitambaa, uso wake…"

"Huo si uso wake, ni wa mwigizaji! Wewe hujawahi kumwona akiinama juu ya pasi. Unapenda vipande vya watu. Vidole vyangu, aibu ya baba yangu. Mtu mzima mzima hujawahi kumpenda."

Alijua amemkata pabaya. Alimwona mhariri akivua miwani, akiifuta, akiirudisha. Kama mhariri angesema hata neno moja, yeye angebaki. Mwalimu akashuka ngazi tatu za ghorofa akizipiga visigino, na jua la nje likamchoma machoni kama kitunguu.

*

Nyumbani alikuta mama ameshika kiuno nyuma ya kaunta. Shari ilikuwa imeshafika kabla yake: dada wa mavazi alipitia dukani, akauliza kwa furaha zote, "Mwalimu wetu wa karata yupo?"

"Mashuka ya hotelini," mama akasema. "Mashuka miezi miwili. Nikadhani hoteli imeongeza vyumba."

"Mama…"

"Niache nimalize. Nilifunga mlango huu kwa komeo, wewe ukapitia dirishani. Karata! Na filamu ya kamari! Na huyo dada kasema kuna mwanamume, eti mnapendana mpaka watu wa filamu wanawapigia miluzi. Mwanamume gani anayekula kwa hadithi za majambazi? Leo anaziunganisha kwenye kompyuta, kesho atazileta mezani kwangu. Simtaki. Asikanyage hapa hata akiwa na nguo zilizooza."

"Hatakanyaga," Mwalimu akasema, na sauti ikamkatikia. "Tumeachana. Ile filamu ni ya baba. Wamemfanya mwizi, mama. Wameweka mpaka maneno yake. Nikamwambia akate, akakataa."

Mama akashika ukingo wa kaunta.

Chumba cha nyuma pasi ikawekwa wima, ikatoa pumzi ndefu. Pazia likasogea. Baba alisimama mlangoni, mahali ambapo wateja wangeweza kumwona.

"Nataka kuiona," akasema.

"Baba watoto, hapana," mama akasema.

"Nataka kuiona, mke wangu."

Hapakuwa na ubishi katika sauti ile. Mama alichukua gauni la mteja, akalikunja, akalikunjua, akalikunja tena.

*

Kesho yake saa nane baba alivaa shati jeupe alilolinyoosha mara mbili. Mama alisema yeye hendi, miguu yake haitaingia nyumba kama ile. Lakini kila Mwalimu alipogeuka njiani, alimwona hatua kumi nyuma yao, mkoba kwapani, akiangalia juu kama mtu anayetafuta ofisi fulani. Walipopanda ngazi yeye aliingia duka la magodoro.

Mhariri alifungua mlango. Macho yalikuwa mekundu na shati lilikuwa la jana. Alimtazama Mwalimu, akamwona mzee nyuma yake, akaelewa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye mhariri?"

"Ndiye mimi." Akameza mate. "Mzee, filamu ziko mbili. Tangu jana sijatoka humu. Moja ina wewe. Ya pili nimekutoa, kila mahali. Imebaki na matundu, haieleweki, na dairekta akiiona atanifukuza. Lakini ipo. Nitampa utakayosema."

Mwalimu alikumbuka aliyomwambia jana, akatamani kuyaokota moja moja kutoka sakafuni.

"Nionyeshe yenye mimi," baba akasema.

Akakaa kiti cha katikati. Ule mwanga wa kijani ukamjaa usoni, ukaingia kwenye mikunjo yake, na kwa muda akaonekana kijana. Hakutikisika alipoona vidole vikipulizwa. Hakutikisika Kiyoyozi alipoingia. Kitambaa kilipoinuliwa, alinyoosha mkono.

"Rudisha kidogo. Hapo hapo."

Mhariri akarudisha. Baba akatazama, mara ya pili, mara ya tatu.

"Ndivyo ilivyokuwa," akasema.

Mwalimu hakuelewa. "Ndivyo nini, baba?"

"Ndivyo nilivyofanya. Chini ya kitambaa. Mwaka mzima."

Baba hakugeuka, alizungumza na kile kioo, kama kwamba ilikuwa rahisi zaidi kumwambia yule mwingine.

"Hawakunisingizia, mwanangu. Wala sikuwa na njaa, usinitafutie njaa. Kiyoyozi alikuwa akiniita fundi. Nagawa karata usiku kucha, hakuna mchezaji anayeniangalia usoni. Wao wanaangalia karata. Yeye aliniangalia. 'Fundi, hakuna kama wewe.' Kwa neno hilo nikamwibia kila mtu aliyekaa mbele yangu. Nilipenda kusifiwa. Basi."

"Lakini mama alisema…"

"Mama yako wakati ule alikuwa dobi wa hoteli hiyo hiyo. Siku moja kitambaa changu kikaja kufuliwa na karata ndani yake. Ree ya kopa. Akaniletea nyumbani, akaiweka mezani, akasema, 'Kajisalimishe useme na ya wenzako, ama nitakwenda mimi.' Nikaenda. Ndiyo maana wakubwa walifungwa. Si ushujaa wangu, ni wake. Na baadaye akakutungia hadithi nyingine, upate kuinua kichwa shuleni."

"Nilipigana," Mwalimu akasema. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Baba, nilipigana mara nne."

"Najua. Alikuwa akinisimulia alipokuja kunitembelea gerezani. Kila ulipopigana, mimi nilizidi kuwa mdogo. Nilipotoka nikataka kukuambia. Nikaishia kukufundisha karata."

Halafu akamgeukia mhariri, na kwa mshangao wa wote wawili uso wake ulikuwa umekunjuka, kama kitambaa kilichopata mvuke.

"Kijana wangu, mmekosea sehemu moja tu. Hii mikono. Mwizi hashiki karata hivi. Hii inazipenda. Mikono ya binti yangu haijawahi kumdanganya mtu, na inaonekana."

"Nikate, mzee?"

"Iache. Mahali pamoja duniani nionekane nilikuwa na mikono safi."

Mhariri akainamisha kichwa. Alipokiinua aliongea kwa sauti ile iliyoshuka, lakini safari hii macho yake yalikuwa kwa mtu aliyekuwa akimsemesha. "Jana ulisema napenda vipande vya watu. Nimefikiri sana. Ni kweli, kazi yangu ni vipande. Lakini nilipokukosa hapa tangu jana, kilichokosekana hakikuwa mikono. Kilikosekana kicheko. Ilikosekana harufu ya wanga. Alikosekana mtu wa kuniambia miwani iko wapi."

Mwalimu alitaka kujibu. Baba alikohoa, kikohozi cha adabu, akawa anakagua sponji za ukutani kwa bidii sana. Kwa hiyo jibu alilitoa kwa kusogeza kiti, kikagusana na cha mhariri, akakaa.

"Endelea," akasema. "Tumalize."

Mhariri akaendeleza. Mwisho wa filamu ulikuwa mahakamani. Yule mgawa karata alisimama kizimbani, hukumu ikasomwa, akageuka kutazama nyuma. Mabenchi yote yalikuwa matupu. Vumbi lilicheza ndani ya mwanga. Dairekta aliipenda sana picha hiyo. Alisema huo ndio upweke wenyewe.

"Uongo!"

Wote waligeuka. Mama alikuwa mlangoni, mkoba kwapani, anahema kwa ngazi. Haikujulikana alisimama hapo tangu lini.

"Yule wa magodoro kaniuliza mara tatu kama nataka futi tano au sita," akasema, kana kwamba anajieleza. "Nimechoka. Haya, nani aliwaambia alikuwa peke yake?"

"Mama, shikamoo," mhariri akasema, akasimama, akaangusha miwani.

"Marahaba, nani aliwaambia? Mimi nilikuwepo. Benchi la tatu, upande wa kushoto. Nimevaa gauni la bluu na huyu nimempakata, amelala, udenda unanichuruzika begani. Siku zote za kesi sikukosa hata moja. Alipogeuka, alinikuta." Sauti ikamtetemeka, akaikaza. "Nilimpeleka mwenyewe, ndiyo. Ningemwachaje aangalie mabenchi?"

Baba alikuwa amesimama. Walitazamana, watu wawili waliokuwa wamepishana kwenye mvuke miaka yote hiyo kila mmoja akilinda uongo ule ule. Baba akampisha kiti chake. Mama hakukaa mara moja. Alimpangusa kwanza uzi mweupe kwenye kola.

"Binti ameshajua?" akauliza kwa kunong'ona.

"Ameshajua."

Mama akamtazama binti yake. Mwalimu akamwendea, akamkumbatia kwa nguvu zote, mkoba ukabanwa katikati yao. Hakuweza kusema ahsante wala kwa nini. Alisema tu, "Mama," na mama akampigapiga mgongoni kama anayekung'uta shuka.

"Sasa wewe," mama akamwambia mhariri juu ya bega la binti, "weka mwanamke kwenye benchi la tatu."

"Mama yangu, hatuna picha ya mwanamke. Kupiga upya ni…"

"Si mnipige mimi?"

Wote watatu wakamkodolea macho.

"Mnashangaa nini? Gauni la bluu ninalo, nitalitanua kiuno. Sura mtaniweka nyuma nyuma, watu wasione makunyanzi. Benchi ni benchi, popote mtalipata."

Mhariri alitazama kioo, akatazama mama, na Mwalimu aliona usoni mwake jambo likitokea, ule mwanga wa mtu aliyepata kipande alichokuwa akikitafuta. "Dairekta akikuona ukisimama hivyo mlangoni, atakubali," akasema taratibu. "Nitamwambia hata leo. Ila kuna mtoto. Umesema ulimpakata mtoto. Tutampata wapi?"

Mama alimpima kuanzia viatu mpaka lile shati la jana, bila haraka, kama nguo iliyoletwa kaunta na mtu asiyemjua. Kisha akamtazama binti yake, na vile viti viwili vilivyogusana.

"Wa kwangu ndiye huyo, keshakua," akasema. "Kwa picha mtaazima wa jirani. Kwa mengine, uje nyumbani Jumapili na wazee wako, tuzungumze. Na uvae shati lililonyooshwa."